Jembe la Yared

Simu ikiita shambani Munisagara, jirani yangu hulaza jembe, hufuta mikono kwenye kanga, kisha huweka spika, maana hasikii vizuri. Mwanawe Yared alitaka udaktari. Anasoma ualimu Morogoro, ndiyo ada waliyoimudu. Mama huyo akiamkiwa "shikamoo, mama", haitiki upesi. Huisikiliza kwanza ile sauti, ndipo aseme marahaba.

Jana marahaba ilichelewa mno.

"Mama, nimechoka kutolewa darasani kisa ada. Narudi tulime wote."

Mama yake akadakia: "Ulime na nini? Jembe lako nimeshaliuza. Rudi darasani!"

Akakata simu. Hakunitazama. Aliliokota jembe, lenye jina la Yared lililochomwa kwa msumari kwenye mpini, akaendelea kupalilia.