Kadi ya Waridi Ilikwenda Kliniki Baada ya Mazishi

Siku ya nne baada ya kumzika mke wangu, kompyuta iliniambia amekwenda kliniki.

Sitanii. Waridi, miaka ishirini na tatu, mimba ya miezi minane. Uzito umeongezeka kilo moja. Leo, saa tatu asubuhi, kituo cha ng'ambo ya mto.

Kaburi lake nililifukia kwa mikono yangu.

Ngoja niwaanzie mbali kidogo.

Nilisomea kompyuta mjini Kasongo, kisha miaka miwili nikahangaika nikichapa barua za watu sokoni. Siku nilipoitwa Kabambare kuingiza habari za wagonjwa kwenye mashine, nilimbeba Waridi juujuu kwa furaha. Kazi ya kwanza, bwana! Mradi ulionipa kazi ulitoa kadi kwa wajawazito. Ukiwa nayo unatibiwa bure kituo chochote, na vipimo vyako vinaonekana kote.

Dawa za kupimia wingi wa damu zilikuwa haba. Nikajifanya mjuaji, nikapendekeza mkutanoni kwamba aliyekwisha kupimwa mwezi huo asipimwe tena, mashine inatosha. Wakubwa wakapiga makofi. Nilivimba kichwa, we acha tu.

Mara dada yangu mdogo, Mounira, akaja kwetu kutoka Lusangi na mimba yake. Mumewe yuko kwenye mashimo ya dhahabu, hajulikani atarudi lini. Waridi naye alikuwa na mimba, na kadi yake alishapata, lakini kuandikisha kulikuwa kumefungwa wiki moja kabla.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "uniingize tu. Nani atajua?"

"Mashine itajua. Unataka nifukuzwe kazi?"

Waridi alinitazama. "Amuri, huyu ni mutoto wa mama yako."

"Sheria ni sheria," nikajibu. Nilijiona mtu safi kweli.

Tangu hapo nikawa naona kwenye mashine Waridi anahudhuria kliniki mara mbili kwa mwezi, vituo viwili tofauti. Mtaalamu mzima sikujiuliza. Nikawatambia wenzangu kwamba mke wangu hakosi.

Nyumbani midomo yake ilikuwa imepauka, na akisimama anashika ukuta. Nikimuuliza, anasema ni mimba tu. Nikafungua kompyuta: damu nzuri, imepimwa wiki iliyopita. Roho ikatulia.

Alijifungua mtoto wa kike, mzima, kituo cha kwetu kwa muuguzi Albertine. Kisha damu ikaanza kumtoka. Tukampakia pikipiki kwenda hospitali. Alikata roho mikononi mwangu, hata darajani hatujafika.

"Mashine ilisema damu yake iko muzuri," Albertine alilia. "Ndiyo maana sikumupima."

Sasa hiyo siku ya nne nikavuka mto mpaka kituo cha ng'ambo. Kwenye benchi, kadi ya Waridi mkononi, alikuwa amekaa Mounira.

Hakukimbia. Alilia.

"Tumbo liliniuma, yaya, na sina karti ingine. Waridi alinipatia mwenyewe. Alisema tutaitumia wote wawili."

"Na kipimo cha damu?"

"Ni damu yangu walipima hapa. Alipoenda kwa Albertine wakamuambia alishapimwa. Alijua si yake."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimuambia aseme. Akasema, watajua mambo ya karti; Amuri alingoja kazi hii miaka mbili, hawezi kuipoteza juu yangu."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye udongo. Nilitaka kumpiga dada yangu, lakini ningempiga kwa lipi? Kanuni ya kutopima ilikuwa yangu. Na mlango wa kadi, aliyemfungia ni mimi.

Nilirudi ofisini nikaeleza yote. Nilitamani wanifukuze. Mkubwa wangu akafuta ile kanuni na kumwandikia Mounira kadi yake mwenyewe.

Ilichukua dakika mbili. Dakika mbili tu, jamani.

Halafu ilibidi nifunge ukurasa wa Waridi, maana kazi hiyo ni yangu. Mashine ikauliza sababu ya kifo, ikaleta orodha nichague. Nikachagua kutokwa damu. Niliisoma orodha nzima mara mbili, jina langu halimo.

Wewe kati yenu unayeianza kazi hii, jifunze yote ya mashine, ni kazi nzuri. Lakini kabla hujaiamini, mtazame mtu wako usoni. Wangu alikuwa anashika ukuta mbele yangu, na mimi nikafungua kompyuta.