Picha za Mchanga Kutoka Kotile

Nilitumwa Kotile nikamnyang'anye mama mmoja simu, na sioni haja ya kuwaficha nyinyi watu wangu wa Kakamega. Ofisini kwetu Garissa tuliwagawia wahudumu wa mifugo simu kubwa za kazi. Mhudumu akiona mnyama mgonjwa ampige picha, ajaze fomu, atume. Mimi ndiye niliyewafunza, na nilijiona bingwa. Wote walishika isipokuwa Sahara, ambaye kila wiki alituma picha za mchanga mtupu. Nilikuwa nazifuta. Mkuu wangu akaniambia nimpe somo la mwisho. Akishindwa, nirudi na simu, kazi apewe mwingine.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka, mimi na dereva Abdi, mwenyeji wa huko. Lami ilituacha mapema. Jua lilipochomoza tuliona twiga watatu wakivuka barabara bila haraka, na nyuma yao vichaka na mchanga mwekundu mpaka macho yanachoka. Nina miaka miwili huku na ukubwa wa nchi hii bado unanifanya ninyamaze. Abdi alinicheka, akasema nimeanza tena kuangalia dirishani kama bibi harusi.

Saa tano tukafika. Sahara ni mama wa makamo, mjane, mwenye watoto wanne wanaokula kwa kazi hiyo. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa, akauliza habari za mama yangu na za mvua ya kwetu, halafu akaitoa simu ndani ya leso. Kioo kilikuwa safi kuliko changu. Akaiweka mkekani mbele yangu, akasema anajua nimekuja kuichukua. Niliona haya, jamani, nikasingizia somo.

Basi nikamwambia apige picha ya birika. Aliipiga vizuri, tena haraka. Nikashindwa kuelewa. Nilipouliza kwa nini basi anatuma mchanga, alimtazama Abdi, kisha akanionea huruma waziwazi, akavaa ndala.

Saa nane, jua la kuchoma utosi, tulikuwa kwenye njia ya ng'ombe iendayo silanga, lile bwawa lao la maji. Mimi niliona vumbi lililokanyagwa, basi. Sahara aliinama, akagusa alama moja ya kwato, akazungumza kwa Kisomali naye Abdi akatafsiri. Huyu ni jike, ana mimba. Anauhurumia mguu wa mbele wa kushoto. Vitone hivi pembeni ni mate, yanamtoka tangu asubuhi. Amepita leo, baada ya upepo kutulia.

Tukafuata. Mwendo wa saa nzima, yeye mbele, mimi nahema. Tulimkuta ng'ombe mwekundu chini ya mgunga: jike, mwenye mimba, mate yananing'inia, mguu wa mbele wa kushoto ameuinua.

"Huyu hapa," nilisema. "Si umpige picha sasa?"

"Ngombe ya mtu hapana bigwa bicha kama mwenyewe hako," alinijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ni kama kumwekea jicho baya. Lakini mguu ameacha kwa njia. Njia ni ya watu wote. Hiyo mimi nabiga."

Nilikuwa nimetengeneza fomu nzima bila kumuuliza mtu yeyote wa Kotile jambo hilo.

Tuliporudi kwake nilimfunza kitu kimoja tu, kidude cha kurekodi sauti chini ya kila picha. Alikipata mara moja. Kisha, bila kuambiwa, akarudi nyuma kwenye picha zake za zamani akaanza kuzisemea moja moja, Abdi akinitafsiria. Ya kwanza ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Ng'ombe wawili, miguu inauma, mate, wanatoka upande wa mtoni. Ya pili, watano. Ya tatu hakuweza kuwahesabu. Maradhi ya miguu na midomo yalikuwa yametembea picha kwa picha mpaka silanga, na mimi Garissa nikiyafuta, huku nikinywa soda.

Kesho yake saa saba mchana nilikuwa mbele ya mkuu. Aliuliza simu iko wapi. Nikamwambia iko kwa mwenyewe, nikamchezea zile sauti alizozituma. Yeye ni mwenyeji wa Ijara, upande huohuo wa Kotile; Kisomali hakuhitaji mkalimani. Alisikiliza zote amesimama, kisha akapiga simu chanjo zipelekwe malisho ya jirani siku hiyohiyo, na akaniambia Sahara haondoki kazini.

Ilibaki fomu ya mafunzo, nami nikaijaza hapohapo mezani kwake. Palipoandikwa jina la mkufunzi niliandika Sahara. Palipoandikwa aliyefunzwa, niliandika langu.