Jenerali Hakushuka Ukutani

Siku tuliyomzika baba, mdogo wake, Wandera, alimsukuma mama akaanguka mlangoni, kisha akamruka, picha yetu ikiwa kwapani. Shangazi Nabwire ndiye alimshikia kiti akiitoa ukutani. Nje kulinuka udongo mbichi, na waombolezaji waliendelea kunywa chai.

Ilikuwa picha ya jenerali wa Kizungu mwenye ndevu, na sahihi yake chini. Padri ambaye baba alimpikia miaka mingi ndiye alimwachia. Mimi, mtoto wakati huo, nilidhani huyo mzee ni askari wa nyumba yetu, kwa hivyo nilisimama nikingoja ashuke amchape Wandera. Hakushuka. Tulifukuzwa jioni hiyo, tukaenda Amukura kwa miguu.

Juzi nimeiona ile picha kwa loji ya Wandera hapa Malaba. Dereva wa lori aliinyoshea kidole, akamuuliza, “Boss, huyu ni shemeji yako?”

“Rafiki ya baba yangu. Alitia sahihi nikiangalia.”

Kijana wangu amenisomea kwa simu: jenerali huyo alikufa hata babu hajazaliwa. Wandera, kaa na picha. Lakini utaniambia mbele ya hao wateja wako, mama yangu alikukosea nini?