Aliyekuja Kumpima Tabitha

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na mtu wa darasa la tatu hana akili ya kutunga hadithi. Kwa hiyo haya ninayoandika yalitokea, hapa hapa Birmingham, kwenye hosteli ya manesi kule Harborne, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwapo, ufagio mkononi.

Nchi hii niliingia nikiwa yaya wa familia ya Mama Gurpreet, Wahindi wa Nairobi waliohamia Handsworth. Pasipoti yangu waliifungia kwenye sanduku la chuma miaka miwili. Kumbe kumzuia mtu hakuhitaji kamba! Nilipoipata nikaenda kufanya usafi hostelini, na huko nikakutana na Tabitha Wakesho, nesi, msichana wa kwetu Taita. Mamake, Eliza, nilimjua tangu Wundanyi. Tabitha aliniita dada, lakini mimi nilimwona kama mwanangu.

Majira yale ya baridi manesi sita walipanga kwenda Austria, kijiji cha milimani, wakateleze juu ya theluji kwa zile mbao ndefu za miguuni. Majina yao yote ninayo: Sista Maureen aliyepanga safari, Doreen, Pauline, Jean, Bernadette na Tabitha. Jioni wakitoka kazini walikuwa wakiegemea ukuta kama wamekalia viti visivyokuwapo, eti wanakaza mapaja. Niliwacheka mpaka mbavu zikaniuma. Tabitha alikuwa na kijitabu cha picha za kijiji chenyewe: nyumba za mbao, kanisa lenye mnara mwembamba, milima nyuma yake. Alitia alama ya kalamu kwenye dirisha moja, akasema hilo ndilo la chumba chake.

"Dada, Birmingham hii ni sahani," aliniambia. "Miaka mitatu sijauona mlima. Mtu wa Taita atapumuaje?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Alhamisi moja, saa kumi alasiri, na giza la baridi limeshaingia, kengele ya mlango ililia. Nikafungua. Alikuwa mama mfupi, koti la kijivu, mabegani ana theluji. Nje ilikuwa mvua tupu.

"Nimekuja kupima," akasema.

Sista Maureen alikuwa ametuambia kwamba mtu wa duka atakuja kuwapima miguu, wapate viatu vya kukodi. Nikamkaribisha sebuleni. Tabitha alikuwa peke yake. Wenzake wako wodini.

Yule mama hata miguu hakuitazama. Alimwambia Tabitha alale chali kwenye zulia, akatoa uzi mweupe, akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni. Kisha akapima mabega. Akafunga fundo.

Tabitha anacheka. "Dada, Wazungu hawa! Hata kuteleza unapimwa umelala?"

Mimi sikucheka. Kwetu mtu hapimwi kwa uzi akiwa hai. Anayepima kwa uzi ni fundi wa jeneza. Na hita ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote, lakini ile theluji mabegani haikuyeyuka, niaminini, hata tone moja. Alipokuwa akitoka alinipita pale mlangoni, akaniambia kwa Kitaita, tena Kitaita cha zamani kama cha bibi yangu Mghoi: "Wewe bado."

Kesho yake akaja mwanamume wa duka na maboksi yake ya viatu. Sista Maureen akasema hamjui mtu mwingine yeyote wa kupima.

Ungefanya nini wewe? Kumwambia Sista niliona haya. Angesema huyu mwanamke ni mshamba. Tabitha nilimwambia, nikamsihi asiende. "Kwani dada hujaokoka?" akanijibu, akarudi ukutani kukaza mapaja.

Basi nikafanya lile nililofundishwa na maisha. Wiki iliyofuata, usiku wa kuamkia siku ya safari, niliitoa pasipoti yake mkobani nikaificha ndani ya mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Hosteli nzima hakuna aliyekuwa akiufungua mfuko ule ila mimi. Jumamosi wakapekua kila droo. Basi likapiga honi mara tatu. Sista Maureen alipanda akilia, wakaondoka watu watano.

Jumapili nikamrudishia, nikidhani nimemwokoa. Aliikung'uta vumbi, akanitazama.

"Mama Gurpreet alikufundisha vizuri," akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Jumatatu nzima alinipita kwenye ngazi kama anaupita ukuta.

Jumanne asubuhi niliingia sebuleni na ndoo yangu. Alikuwa kwenye zulia, pale pale, amelala chali, amenyooka. Hita inawaka, na mwili wake ni barafu. Daktari alisema ni moyo. Msichana wa miaka ishirini na minne! Wale watano walirudi salama, nyuso zimeiva kwa jua la milimani. Bernadette alikuwa amemletea kengele ndogo ya ng'ombe, ndiyo tukaiweka kwenye jeneza lake.

Kisha ikaja barua ya Mama Eliza. Hakuniuliza ugonjwa. "Aliniandikia kwamba anakwenda milimani," aliandika. "Niambie, mwanangu, alifika?"

Nikajibu kwa mkono wangu huu mbovu: Alifika, mama. Alifurahi sana. Na Mama Eliza amekufa akiwaambia watu wa Wundanyi kwamba mwanawe aliaga dunia akitazama milima. Nimeomba msamaha kwenye makanisa manne ya mji huu. Sijui kama kuna aliyenisikia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukimwona yule mama amempima mtu wako, usijisumbue kufunga mlango. Hazuiliki. Msaidie mtu wako kupanga nguo, mfikishe mpaka kwenye basi, mpungie mkono hadi lipotee. Mimi niliziiba siku tatu za mwisho za Tabitha, na sina mahali pa kuzirudisha.