Boma Moja, Vyungu Viwili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikijikaza kuisahau. Hunijia mara nyingi nikiwa mezani, na ikija chakula hunishinda. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimefunga shule, nina suruali iliyopigwa pasi, na katika boma letu zima hapakuwa na mtu aliyejua Kiswahili kunishinda. Hicho Kiswahili ndicho kilichoniponza.

Kwetu ni kwenye miinuko, ukitoka Rongo kuelekea upande wa Homa Bay. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa. Nyumba yake ilikuwa ya bati, shamba lake lilikuwa bondeni penye udongo mweusi, na ng'ombe wa maziwa walifungwa karibu na mlango wake. Mke mdogo, Mama Akinyi, alikuja baadaye, wakati ardhi nzuri ilikuwa imeshagawanywa. Akapewa kipande cha nyuma, chenye mawe. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na alikuwa na mabinti watupu, kwa hiyo hakuwa na mwana wa kukaa na baba na kumsemea. Watu walisema ni mvivu. Mimi pia nilisema, na nilisema kwa sauti. Kumbe yule mama alikuwa akiamka kabla yetu sote kwenda kung'oa mawe, ili tu apate mahali pa kutia mbegu ya mtama.

Karibu na lango palikuwa na kibanda cha baba, tunachokiita duol. Huko ndiko wanaume walikokula na wageni walikokaribishwa. Kila mke alipika kwake, kisha akapeleka chakula duol. Sisi wavulana tulikula pamoja na baba, tukimega kwa mama huyu na kwa mama yule. Mke ambaye chungu chake hakikuonekana duol alidharauliwa, na Mama Akinyi hakutaka kudharauliwa. Alikata nyasi za kuezekea akauza, akanunua samaki kwa akina mama waliotoka Kendu Bay, akampika akamleta. Samaki wake alikuwa mtamu kuliko wa mama yangu, Mungu anisamehe, na mama yangu alilijua hilo.

Basi mwaka ule mvua ikatunyima. Mahindi yakakauka yakiwa magotini. Wakaja wageni wawili wa mradi fulani, bwana mmoja wa miwani na dada mmoja mrefu, waliofikia Rongo. Walikuwa wakitafuta maboma yenye hali mbaya zaidi, yapewe unga hadi mavuno, na katika kila boma binti mmoja alipiwe karo ya sekondari. Hilo la karo nililisikia. Sitakudanganya kwamba sikulisikia. Na nilijua kuwa Akinyi, binti wa mama yangu mdogo, alikuwa amefaulu mtihani na kuitwa shule ya wasichana, na kwamba baba alikuwa amesema hana uwezo wa kulipia watoto wawili. Mmoja aliyekuwa akilipiwa ni mimi.

Walifika saa ya chakula. Baba akaniambia niwajibu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Vyungu vyote viwili vilikuwa mbele yetu, wageni wakinawa mikono.

"Kijana, hapa kwenu mnakula mara ngapi kwa siku?" akauliza yule bwana.

"Tunakula tu vizuri. Mara tatu."

"Na samaki?"

"Samaki hatukosi," nikasema, nikiwasogezea chungu cha Mama Akinyi. Niliona fahari, mwanangu. Ng'ombe wangapi, nikataja. Bati, nikasema lipo. Redio, ipo. Baiskeli, ipo. Bwana akaandika.

Yule dada alikuwa akitazama nyuma ya boma. "Na hiyo nyumba iko huko nyuma, ni ya nani?"

"Ni yetu tu. Hapa ni boma moja."

"Naweza enda kumsalimia mama wa huko?"

Paa la nyumba ile lilikuwa limebonyea upande mmoja, na mlango ulikuwa gunia. Nikaona aibu. Nikawaza watu hawa wa mjini watasemaje, waione nyumba kama ile katika boma la baba yangu. Nikamwambia, "Hakuna haja, dada. Ako shamba." Hakuwa shamba. Moshi wa jiko lake ulikuwa unaonekana pale tulipoketi.

Wageni wakashiba, wakashukuru, wakaenda zao. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani, akaniuliza wameuliza nini na nimewajibu nini. Nikamsimulia lote kwa majivuno. Alinishika mkono kama unavyomshika mtoto wa kuogeshwa, akanipeleka nyuma, akasukuma lile gunia, tukaingia.

Nilikuwa sijawahi kuingia mle saa ya chakula. Mvulana wa kwetu alikuwa na shughuli gani jikoni? Akinyi na wadogo zake walikuwa wamezunguka sinia. Walikuwa na kuon ya mtama, yaani ugali, kidogo tu, na bakuli la maji ya chumvi yaliyobaki samaki alipochemshwa. Samaki mwenyewe alikuwa amekwenda duol. Nilikuwa nimemla. Harufu yake ilikuwa bado mikononi mwangu.

Dani akasema kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, bila kupandisha sauti, "Umewaambia wageni kwamba hapa samaki hawakosekani. Mwambie Akinyi naye, asikie. Yeye hajui."

Mama Akinyi alitazama chini, akivuta kanga yake afunike lile bakuli. Yeye ndiye aliyeona haya, kwa sababu nimeona. Akinyi akasogea kunipa nafasi, akaniambia, "Kaa ule." Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililoniingia kama ule ukarimu.

Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa na ubaya zaidi: nilikuwa nashiba kutoka kwenye chungu chake, na bado sikumjua.

Nilipaswa kukimbia saa ile ile niwafuate wageni. Sikukimbia. Niliogopa kuonekana mwongo. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka Dani alipoacha kunisalimia. Nilipofika Rongo hatimaye, nikamkuta yule dada akifunga mizigo yake. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Majina yameshaenda. Si ungesema tukiwa kwenu?" Nikarudi kwa miguu, na njia nzima sikumwamkia mtu.

Unga ulikuja. Ulipita mbele ya lango letu ukaenda kwa majirani, na binti yao akaenda shule. Akinyi akapelekwa Kendu Bay kwa dada ya mama yake, akaanza kazi ya kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi nikarudi shuleni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baadaye nikawa mfanyabiashara wa mahindi, nikakaa miaka mingi Isebania, mpakani. Pale kulikuwa na hoteli ya mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, chai yake nzito, na wateja wake kazi yao ni kubishana. Wakenya waliwacheka watu wa Sirare upande wa pili: ninyi bado mko nyuma, angalieni magari yetu, angalieni maduka yetu. Watanzania nao wakajibu kwa mifano yao. Siku moja mzee akanigeukia, "Na wewe bwana wa mahindi, mbona huneni? Nchi gani iko mbele?" Nikamwambia sijui, sijaingia jikoni kwao wala kwetu. Wakanicheka wote. Sikuwa nafanya mzaha.

Maana siku hizi utasikia kwenye redio kwamba nchi fulani imeendelea, na kwamba kwa wastani kila mtu hupata kiasi fulani. Wastani ni hesabu nzuri, siichukii. Lakini chukua sahani yangu na sahani ya Akinyi, uzichanganye, ugawe kwa mbili. Hesabu itakuambia kuna watoto wawili walioshiba nusu. Katika boma letu hapakuwa na aliyeshiba nusu. Kulikuwa na aliyeshiba na aliyelala njaa, na aliyeshiba ndiye aliyepewa nafasi ya kujibu.

Na hata sababu zenyewe usiambiwe kwa wepesi. Ukisikia watu fulani ni maskini kwa kuwa ni wavivu, mkumbuke Mama Akinyi na mawe yake. Uliza nani alifika kwanza, nani aligawa ardhi, barabara ilikatwa ikielekea mlango wa nani, na nani hutoa kizuri chake kila siku kiende kuliwa mahali ambapo yeye haketi. Boma hufanya hivyo, na nchi hufanya hivyo kwa nchi. Tangu serikali za kaunti zije tumesogezewa chungu karibu, na ni jambo jema. Lakini hata kaunti ina duol yake. Tembea Migori mjini uone maghorofa, kisha panda huko milimani ukawaulize akina mama wanateka maji wapi.

Mwaka jana nilikwenda Kendu Bay. Akinyi sasa ni mwanamke mzima, ana wajukuu, vidole vyake vimekakamaa kwa chumvi na jua. Nilikuwa sijawahi kumtamkia jambo hili. Kila tulipokutana matangani tuliulizana habari za mvua. Safari hii nikamwambia lote, na lile la moshi pia, ambalo hakulijua. Nikamwomba msamaha.

Akaendelea kugeuza omena zake kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu yangu, nilikusamehe zamani, kabla hata Dani hajafa. Nisingekuwa nimekusamehe, ningekupokeaje?" Akainama tena kwenye omena. "Lakini shule, sikusoma."

Alisema bila hasira. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa nimekuja kuchukua kitu kingine tena kutoka kwake, na kwamba amenipa.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayepita nyumba kwa nyumba na simu mkononi kuuliza watu wanaishije, na wewe ambaye utakaa ofisini ugawe visima na madawati kwa kufuata majibu hayo. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Usimwulize mwenye boma peke yake, hata akiwa muungwana, hata akikupa kiti kizuri. Usihesabu chakula kilicholetwa mbele yako, maana wewe ni mgeni, na mgeni huletewa kizuri. Ukiambiwa mama yuko shamba, msubiri arudi. Na ukiwa wewe ndiye unayejibu, usiseme kwa niaba ya mtu ambaye hujamwona akila. Usifiche paa lililobonyea kwa sababu ya heshima ya boma; mficha uchi hazai, na heshima ile niliyoilinda mimi ililipwa na msichana mmoja kwa maisha yake yote. Ukikosea, rudi siku hiyo hiyo, hata kama utaonekana mwongo. Msamaha utaupata hata ukichelewa. Shule haikungoji.

Mungu akupe macho ya kuona moshi ulio nyuma ya nyumba, na ujasiri wa kusema kwamba umeuona. Akupe riziki isiyomnyang'anya mwingine. Na utakapozeeka kama mimi, akujalie uwatazame ndugu zako wote usoni, usipate hata mmoja wa kumwomba radhi.