Pepo wa Washairi

Zamani kule Pangani mbuzi wetu alikula kalenda ya sabuni, akala na yule mwanamke aliyechorwa akifua, mama akalia kama kafiwa maana ndiyo ilikuwa picha pekee nyumbani. (Kipigo alikula mbuzi, ingawa mlango niliuacha wazi mimi.) Baba akasema picha hulindwa. Basi uzeeni nikalinda picha kweli, hapa Johannesburg, kwenye nyumba ya maonyesho, na aibu iliyonipata humo, mwaka 2017, mpaka leo nikiikumbuka natetemeka kwa hasira.

Picha yangu ilikuwa ya Kiingereza, ya enzi za yule malkia wao wa zamani, kubwa kuliko ukuta wa chumba changu cha kupanga mtaa wa Bertrams: wazee wa ndevu wamepangwa kwenye ngazi, kila mmoja na karatasi yake, na juu yao mwanamke wa mbawa anawagawia mataji ya majani. Miaka mitatu nimesimama mbele yao siwajui, wala hakuna aliyenieleza, kazi yangu kusema usiguse.

Siku hiyo wakaja akina mama wa chama chetu cha watu wa Tanga, na nilishawatambia kwamba pale mimi ndiye mwenyeji. Binti wa Kizungu anayetembeza wageni akaniuliza, utawatafsiria? Mkataba wangu unakwisha mwezi ule, na meneja kasimama pale pale kakunja mikono ananipima. Ningesema sijui? Nikasema sharp, ndiyo yao ya huku.

Akaeleza kuwa hao ni washairi wakubwa wa kwao, wote marehemu. Hapo nikapita vizuri. Kisha akamwonyesha yule wa mbawa, akasema ni spiriti ya ushairi. Mimi spiriti naijua ya kuwashia jiko! Nikamnong'oneza Kasongo, mlinzi mwenzangu, Mkongomani.

"Ni pepo, papa. Ku kanisa yetu tunazifukuzaka kila Ijumaa."

Nikageuka, kifua mbele: "Huyu ni pepo. Ndiye anayewapanda hawa wazee mpaka wanatunga."

Bi Mwanaisha (ambaye pepo zake Tanga nzima inazijua) akauliza, "Wa bara au wa pwani?"

"Wa Ulaya."

"Na ubani hamjampa? Mmemtundika tu mnamkodolea macho? Babu, nyie mna wazimu!"

Akapiga makofi, wenzake wakaitikia, wakaanza kumpunga kwa wimbo, Bi Mwanaisha akatikisika, akaivuka kamba, kiganja chote pwaa! juu ya tumbo la mshairi mmoja, king'ora kikalia jengo zima.

"Papa," Kasongo akaninong'oneza, "pengine ni roho."

"Sasa ndiyo unasema!"

Picha haikubanduka hata rangi. Lakini yule binti alikuwa anacheka huku anatupiga video, na meneja akasema, "Watoe hawa watu wako," kisha akanisukumia karatasi niandike kosa langu kwa Kiingereza, ndipo aufikirie mkataba. Kosa langu! Miaka mitatu hamkunifundisha hata jina la picha, leo niandike? Kosa langu lilikuwa moja, kusema ndiyo kwa neno nisilolijua, na hilo sitalirudia kwa mtu yeyote.

Nikaiweka kalamu juu ya karatasi tupu, nikaichomoa redio ya kazi kiunoni nikaiacha hapo hapo, nikamshika mkono Bi Mwanaisha bado anatetemeka, tukatoka kwa mlango wa mbele, ambao walinzi tulikatazwa. Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nilisikia naitwa nyuma yangu. Taa ikawa ya kijani, nikavuka, sijarudi tena.