Kuwait Tuliyoijenga Uani mwa Shule

Mwaka jana, nikirudi kutoka ng'ambo kununua bidhaa, ndege yetu ilitua Kuwait kuchukua abiria. Mama mmoja wa Lubumbashi, mchuuzi kama mimi, tuliyekaa naye kiti kwa kiti, alichungulia dirishani akaguna: "Mchanga mutupu! Hapa bantu banakula nini?" Nikamweleza kwamba Irak iko juu, Saudia iko chini, bahari iko mashariki, mto asiutafute maana haupo, na maji ya kunywa wanayatoa baharini. Akanigeukia. "Weye ulikalaka hapa?" Nikamjibu ndiyo, karibu wiki nzima. Sikuona haja ya kumwambia kwamba Kuwait yangu ilikuwa Likasi, mji wa migodi upande wa Lubumbashi, uani mwa shule ya msingi, kati ya ukuta wa choo na mti wa papai.

Kama huijui Likasi ya miaka ile, nitakupa kwa bei ya jumla. Kampuni ya shaba ndiyo ilikuwa baba na mama. Nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, na king'ora cha kampuni kilichotuamsha, kikatulisha na kutulaza. Mwisho wa mwezi baba aliingia na posho: mfuko wa unga wa mahindi begani, samaki wa kukaushwa, chupa ya mafuta. Sisi watoto tulijua kwamba duniani kuna nchi nyingi, na kila nchi ina kampuni yake inayogawa unga. Ungetuambia vingine tungekucheka.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaanza kuinama. Posho ikachelewa, halafu ikaja nusu, halafu ikawa kama jamaa wa mbali: yenyewe haiji, inatuma salamu. King'ora kiliendelea kulia, ingawa waliokuwa wakiitwa hawakuwa na kazi ya kufanya walipofika. Nkambo wangu, mama yake baba, aliyekaa nasi na kuniamuru mimi kuliko mtu yeyote, alikuwa akisema, "Musingoje sirene ya kuwakumbusha kama muko na njaa." Akaanza kukaanga karanga asubuhi, mimi nikizibeba kwenye sinia hadi kando ya barabara ya Kambove baada ya masomo. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mnunuzi, mara ya pili akishageuka.

Nilikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani. Madawati mengine yalikuwa wazi tangu familia za watu wenye asili ya mkoa wa Kasai zilipofukuzwa mjini, zikaenda kulala stesheni zikingoja treni. Mwalimu wetu hakuyasogeza madawati yale. Alikuwa mtu mwembamba, na serikali ilikuwa imemsahau kitambo; mshahara wake ulikuwa habari ya redioni. Chaki ilipoisha alitumia mabonge ya chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe. Lakini Jumatatu moja ya kiangazi alituambia, bila kupandisha sauti, kwamba ndugu zake wanachimba madini Kambove na wanamwita. Angeita wazazi Jumamosi. Wasipopata njia ya kumlisha, angeondoka. Mwalimu mwingine hakukuwapo, na mwalimu akienda, mtihani umekwenda naye. Nyumbani baba alikuwa amekwishasema yake: darasa likifungwa, niende barabarani na sinia kuanzia asubuhi.

"Masomo hailiwe," alisema, huku akiosha mikono ili ale bukari, ule ugali wetu, iliyonunuliwa kwa karanga zangu. Nikachukua sinia nikatoka. Mwenye njaa na mwenye hasira ukibishana nao, unapata hasara mbili.

Sasa, mtu mwingine angetumia siku zake za mwisho kutukaririsha hesabu. Huyu wetu alifungua kitabu cha jiografia kilichokosa jalada, akatafuta nchi aliyoitaka, akasema: "Tutajenga Kuwait. Wazazi wenu wakija, muwaeleze." Nadhani alitaka waone kwamba tunajua kitu. Pengine alitaka tu kuondoka kwa heshima.

Tulileta mchanga wa mto kwa beseni, kichwani, tukicheka jinsi mto unavyobebwa kwenda kujenga nchi isiyo na mto. Mwalimu alichora mpaka kwa chokaa. Bahari ilikuwa beseni pana la maji ya chumvi, yaliyotiwa ile rangi ya buluu ya kufulia mashati meupe. Mafuta tuliyaomba kwa jirani yetu dereva, ambaye lori lake lilikuwa limekufa mbele ya nyumba yake: mafuta machafu ya injini, meusi tititi. Tuliyatia kwenye kopo, tukalizika mchangani, na shina la jani la papai, lenye tundu katikati, likawa bomba la kuyafikisha bandarini. Ili mafuta yatembee, mtu alipaswa kuyavuta kwa mdomo. Mwana wa dereva ndiye aliyevuta, na kwa wiki nzima aliona kila chakula kina ladha ya lori. Hakulalamika, alikuwa amevumbua kisima.

Mimi nilipewa bandari, kwa kuwa nilikuwa na mdomo wa sokoni. Mwalimu alinieleza: humu hakuoti kitu cha maana, kwa hiyo mchele, mbao, kondoo, hata matunda, vyote vinaingia kwako. Zamani, kabla ya mafuta, watu hawa walipiga mbizi kutafuta lulu na kuunda majahazi. Waliishi kwa kununua hapa na kuuza pale. Nikapenda. Nchi nzima ilikuwa sinia langu la karanga! Meli zangu zilikuwa makopo ya dagaa, na hakuna iliyotia nanga bila kuzozana nami.

Tulichokipenda zaidi ni kiwanda cha maji. Birika lenye maji ya ile bahari ya chumvi liliwekwa juu ya makaa. Mvuke uligonga kifuniko cha sufuria kilichoinamishwa, na matone yakashuka taratibu kikombeni. Ulikuwa ukionja baharini unatema, ukionja kikombeni unatabasamu.

Halafu Ijumaa mwalimu alitukuta tumefanya jambo ambalo hakutuagiza. Kando ya kisima tulikuwa tumepanga nyumba za udongo kwa mistari iliyonyooka, kama kambi yetu. Mbele yake tulijenga duka la kugawia. Vijifuko vya unga vya kitambaa vilikuwa vimepangwa mlangoni, na mwana wa dereva alikuwa ameweka viganja mdomoni, anapiga king'ora.

"Hii nini?"

"Posho, Mwalimu."

"Kuwait hakuna posho."

Tukatazamana. Msichana mmoja akauliza kwa huruma ya kweli, "Sasa batumishi yao banakula nini?"

Mwalimu alianza kucheka, halafu akachuchumaa kando ya duka letu. Akatueleza kwamba wengi wanaofanya kazi nchi ile wametoka nchi nyingine, wanalipwa, na siku wakiambiwa waondoke, wanaondoka. Aliposema hivyo hakututazama sisi, alitazama dirisha la darasa. Tulidhani atatuamuru kubomoa. Akasema, "Mwiache. Wazazi wenu bila hiyo watapotea njia."

Jumamosi walikuja. Walitoa madawati nje wakayakalia, magoti yakiwafika kifuani, baba zetu, watu wazima wale. Baba yangu alikaa mwisho, mikono imekunjwa. Tulieleza kila mtu pake, na nkambo alionja matone ya kikombe, akaonja tena, akatangaza kwamba kweli chumvi imebaki kwenye birika. Dereva alichuchumaa kwenye kisima, akachovya kidole, akanusa.

"Eh! Hii ni mafuta ya kamio yangu!"

"Njo hiyo," mwanawe alisema.

"Basi minye njo emiri, mufalme wa Kuwait. Muniheshimu!"

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa bidhaa adimu mwaka ule. Ndipo baba yangu alipofungua mdomo. Aliuliza, bila kusimama: "Na siku mafuta inaisha?"

Mwalimu alimgeukia mwana wa dereva, mwenye duka la posho. Mtoto akafikiri sana, akajibu kama anayejibu hesabu: "Posho itachelewa."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha. Niliwaona wakiacha. Baba hakuwa amecheka kabisa.

Mwalimu akasema taratibu kwamba wenye nchi ile waliliona swali hilo mapema. Kila mwaka, kabla ya kula, walitenga fungu la mali ya mafuta, wakaliweka kando kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

"Na fungulo ya ile kasha," nkambo akauliza, "iko na nani?"

Basi hapo ndipo mkutano ulipowaka moto. Mmoja akasema lazima iwe na emiri. Mwingine akasema emiri hapana, emiri ana ndugu wengi. Fungulo ziwe mbili, nyingine kwa padri. Akaambiwa kule hakuna padri. Basi kwa imamu! Mama mmoja akataka kujua kama mtoto ambaye hajazaliwa anaweza kuibiwa, kwa maana hana wa kumpeleka polisi. Dereva akaapa kwamba kwake yeye fungu lingekaa salama, na watu wote wakamkumbusha lori lake lililokufa. Hata baba aliinuka. Alisema kwamba alipokuwa kijana alishuka kila siku kule chini mgodini, akatoa jiwe lenyewe kwa mikono hii, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jiwe lina mwisho. "Tulizania inaota," alisema, akakaa.

Nkambo akapiga makofi mara moja, kama anavyofukuza kuku.

"Shiye tunabishana juu ya fungulo ya Barabu, na mwalimu hajakula tangu jana. Munaona namna anasimamia?"

Wakamtazama mwalimu. Kweli, alikuwa ameegemea mpapai.

Lazima nikueleze desturi moja ya soko letu. Unga hupimwa kwa kopo liitwalo meka. Muuzaji akishajaza meka, huongeza konzi moja juu, bila kuombwa na bila kuhesabiwa. Hiyo ni basela. Asiyetoa basela hana wateja, na asiyeidai ni mgeni.

"Mushahara hatuna," nkambo aliendelea. "Hakuna mwenye kusema uongo hapa. Meka hatuna. Lakini basela, ni mama gani atashindwa kutoa? Jioni ukipima unga ya bukari, ile konzi ya juu isiingie mu sufuria. Batoto balete asubui. Hatumulipe. Tunamupa basela."

"Mama," baba akamwambia, na nilishika sinia langu tupu kwa nguvu, "konzi moja kwa bukari yetu itaonekana."

"Itaonekana. Na mutoto wako kule mu barabara hataonekana?"

Baba alitazama nyumba zetu za udongo. Akainama, akainua kijifuko kimoja cha posho ya mchezo, akakipima kiganjani kama mtu anayejua uzito wa kitu hicho, akakirudisha palepale.

"Muzuri," akasema. "Amalize. Lakini fungulo?"

"Sanduku yangu haina fungulo," nkambo akamjibu. "Iko na minye juu yake."

Na kweli alilikalia. Kila asubuhi konzi zilifika kwa vikombe, kwa majani ya ndizi, moja ilikuja ndani ya kofia ya kanisani. Nkambo aliona kwa jicho moja konzi ya mkono mkubwa uliokunjwa uwe mdogo, akamrudisha mtoto nyumbani na ujumbe. Unga ulikuwa wa rangi mbalimbali, mweupe wa huyu na wa manjano wa yule, na nimeambiwa bukari ya mwalimu ilikuwa na mistari. Alikula, akafundisha. Tulifanya mtihani. Hakukuwa na swali hata moja la Kuwait.

Wiki iliyofuata aliondoka. Hakwenda Kambove, alipanda lori la kwenda kusini, na baada ya hapo sina habari niliyoihesabu mara mbili. Dereva alihama, lori likauzwa kipande kwa kipande. Nkambo alizikwa msimu wa mvua. King'ora kikanyamaza siku ambayo hakuna anayeikumbuka, maana hakuna aliyekuwa akikisikiliza tena. Ukienda leo utakuta wajukuu wa wale wachimbaji wakitoboa mashimo kwa nyundo na kubeba mawe kwa mifuko, na malori ya watu wengine yakipita usiku na mchana.

Watu wa rika langu wakikutana hukumbuka posho, na midomo yao hulainika. Mimi pia. Lakini ninayoitamani hasa ni Jumamosi ile: baba zetu wamekalia madawati ya watoto, wamesimamisha mishipa ya shingo, wanagombania fungu la mali ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao angeiona. Walibishana kama wenye mali. Nimefanya biashara miaka mingi na ninajua sauti ya mtu anayetetea cha kwake. Ile ndiyo ilikuwa sauti hiyo. Juu ya shaba yao wenyewe hawakuwahi kuitumia sauti hiyo, kwa kuwa juu ya shaba hakuna aliyewaita mkutanoni.